Kilifi, Watamu na Malindi kwa matatu: jibu kwa mwalimu wa Tudor

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Tudor, Mombasa. Likizo ya Agosti tuna wiki moja, nasi tungependa kuiona Pwani ya Kaskazini: Kilifi, Watamu, Malindi na, tukijaliwa, Lamu. Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 9 na 12, pamoja na mama mkwe wangu mwenye miaka 67, ambaye magoti yanamsumbua. Mume wangu anashikilia kwamba bila gari la kukodi tutaishia kuona steji za matatu tu. Je, ni kweli?

Jibu: Mwalimu, mumeo hajakosea kabisa. Nimeziona familia zilizokwenda Malindi kwa matatu na kurudi zikiwa hazikuona lolote ila visogo vya abiria wa mbele, lakini katika nyingi ya safari hizo kilichoharibika kilikuwa ni ratiba. Mwenye gari hupanga safari yake kwa siku: leo tuone magofu, tupite msituni, tuogelee, tule samaki, kisha turudi tulale. Ukiichukua ratiba hiyo hiyo ukaitia ndani ya matatu, utashinda ukipanda na kushuka, na jioni mama mkwe wako atakuwa amechoka kuliko wote. Safari ya matatu hupangwa kwa malazi. Swali la kwanza ni hili: tutalala wapi, na kutoka mlangoni pa hapo tunaweza kufika wapi kwa miguu au kwa tuktuk? Ukishalijibu, matatu inabaki na kazi moja tu, nayo ni kuwahamisha kutoka malazi hadi malazi asubuhi moja moja, na siku zinazobaki haihitajiki.

Nimewaongoza wageni na wenyeji katika barabara hii kwa miaka mingi, na ninaweza kusema kwa yakini kwamba hakuna njia ya mapumziko nchini Kenya inayofaa usafiri wa umma kuliko hii. Sababu ni kwamba barabara kuu ni moja, inayotoka daraja la Nyali ikapita Mtwapa, Vipingo, Kilifi, Matsangoni na Gede hadi Malindi, na karibu kila mnachotaka kukiona kiko kando yake au kilomita chache tu kutoka hapo. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni takriban kilomita 60, na kutoka Kilifi hadi Malindi ni takriban 60 nyingine. Magari hupita mchana kutwa. Kuhusu gharama, zingatieni kwamba gari la kukodi hulipiwa kila siku hata likiwa limeegeshwa chini ya mwarobaini siku tatu mkiwa mnaogelea, ilhali nauli mnailipa kwa saa zile tu mnazosafiri.

Kwa wiki moja, pendekezo langu ni usiku mmoja Kilifi, mitatu Watamu, miwili Malindi, kisha mrudi Mombasa moja kwa moja siku ya saba. Lamu ningeiacha kwa sasa, na sababu yangu nitaitoa mwishoni.

Kuondoka ndiko kunakohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Magari ya Kilifi na Malindi hupatikana barabara ya Abdel Nasser, na mtu wa Tudor hana haja ya kuelezwa njia ya kufika huko. Ondokeni asubuhi, ikiwezekana kabla ya saa mbili, kwa kuwa barabara kati ya Bamburi na Mtwapa hujaa mapema, na kazi za kuipanua zimeifanya foleni isitabirike. Nyinyi ni watu watano, yaani zaidi ya theluthi moja ya viti 14 vya matatu ndogo, na hilo linawapa nguvu ambayo abiria mmoja hana. Gari mkiingia linajaa upesi, kwa hiyo makanga atawataka, na mnaweza kuchagua viti badala ya kuchaguliwa. Kiti cha mbele kando ya dereva kina mandhari nzuri kuliko vyote, ila kukipanda ni kuinua mguu juu ya gurudumu, jambo ambalo magoti ya mama hayatalipenda. Yeye aketi safu ya kwanza nyuma ya dereva, karibu na mlango. Kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake, na mkubali kulipa nauli ya viti vyao. Tangu kanuni zilizojulikana kwa jina la waziri Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, kila abiria ana haki ya kiti na mkanda, na msione haya kuidai haki hiyo mbele ya makanga anayewaambia watoto wapakatwe.

Kuna jambo moja ambalo wageni hawalijui na hata wenyeji hulisahau, nalo ni kuuzwa, yaani kuhamishiwa gari jingine njiani. Mwaka mmoja niliondoka Mombasa na mama yangu mzazi saa tisa alasiri, katika gari lililotangazwa kuwa linakwenda Malindi. Tulipofika Kilifi tulikuwa tumebaki abiria sita, na makanga akatuambia tuhamie gari jingine kwa kuwa lake linageuza. Tulisimama pale kando ya barabara na mizigo kwa karibu saa nzima, na tulipofika Gede giza lilikuwa limeingia, bodaboda mbili tu zimebaki, na mama yangu hapandi bodaboda. Tangu siku hiyo sipandi gari la alasiri na mzee, na nauli siitoi kabla ya kuuliza kwa sauti ya kusikika na abiria wengine kama gari linafika mwisho. Ikitokea mkauzwa licha ya hayo, msishuke hata mmoja mpaka makanga wa kwanza amlipe wa pili mbele ya macho yenu. Kiasi cha nauli muulizeni abiria wa kando, wala si manamba wa steji, na mjue kwamba siku za kuamkia sikukuu hupanda.

Kuketi kulia au kushoto pia kuna maana yake. Mkielekea kaskazini, bahari iko kulia, lakini jua la asubuhi liko kulia vilevile, na kwa kweli bahari yenyewe haionekani barabarani isipokuwa mnapovuka mikono yake. Basi chagueni kushoto kwa ajili ya kivuli, na watoto waambiwe wakae tayari mara tatu: daraja la Nyali, daraja la Mtwapa na daraja la Kilifi. Baada ya Kilifi, kushoto ndiko unakoanza msitu wa Arabuko-Sokoke, ukaandamana na barabara hadi karibu na Gede.

Mkipita Mtwapa mtaona kibao cha Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 uliojengwa ufuoni, wenye msikiti ulioikabili bahari. Ni mahali pazuri sana, lakini msishuke siku hiyo mkiwa na mizigo. Kutoka Tudor mnaweza kwenda Jumba Jumamosi yoyote na kurudi kabla ya adhuhuri.

Kilifi ni tofauti. Hapa ninawaomba mshuke kabla ya daraja, upande wa kusini, mahali paitwapo Mnarani. Tafuteni malazi upande huo huo, muache mizigo, kisha mwende kwenye magofu yaliyo juu ya jabali linalotazama mkono wa bahari: misikiti, kaburi lenye mnara, na mbuyu mkubwa ambao watoto watataka kuuzunguka. Jioni jua likipoa, wenye miguu mizima wavuke daraja kwa miguu kwenda mjini. Kwa aliye ndani ya gari daraja la Kilifi ni dakika moja tu, lakini anayetembea anaiona mashua ikiingia kutoka baharini upande mmoja, na upande wa pili maji yakienda bara hadi yapotee kwenye mikoko. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 1991, magari yote yalivuka kwa feri. Mama mkwe wako alikuwa mtu mzima wakati huo. Mwombeni akae nanyi Mnarani magharibi inapoingia, awasimulie watoto foleni za feri zilivyokuwa, na muhogo na korosho zilivyouzwa dirishani. Korosho bado zinauzwa steji ya Kilifi, na mtazinunua asubuhi ya pili mkisubiri gari.

Kutoka Kilifi hadi Gede ni mwendo mfupi, na kituo chenu ni njia panda ya Watamu. Hapo ndipo hofu ya mumeo ingekuwa na nguvu kama mngekuwa mnafika usiku, kwa sababu Watamu yenyewe iko kilomita 6 hivi kutoka barabara kuu. Mchana hakuna tatizo, kwani matatu za kutoka Malindi huingia Watamu, na tuktuk zinasubiri. Tuktuk moja huchukua abiria watatu, hivyo nyinyi mnahitaji mbili, na bei ipatanwe kabla ya mzigo wa kwanza kupakiwa.

Siku tatu za Watamu ndizo kiini cha safari hii. Ya kwanza ipeni magofu ya Gede, yaliyo chini ya kilomita 2 kutoka njia panda. Mji huu ulistawi kwa karne kadhaa, ukahamwa katika karne ya 17, na msitu ukauchukua, hata leo mizizi ya miti imeshikana na kuta za jumba la mfalme. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na kwa watoto walio darasani jambo hilo lina uzito: ni mji wa Waswahili, uliokuwa na visima, vyoo na misikiti, na ndani yake yamechimbuliwa mabakuli ya kauri kutoka China. Wape wanao kazi ya kulitafuta kaburi lililochongwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni sawa na 1399. Wakilipata, waulize ni nani alikuwa akilitazama jiwe hilo wakati Vasco da Gama bado hajazaliwa. Njia za ndani ni tambarare na zina vivuli, na mama ataweza kutembea kwa mwendo wake. Chakula msikishike mikononi, maana kima wa Gede ni wepesi. Kando ya magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao hununua mabuu ya vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuyauza nje ya nchi, ili msitu uwe na faida ukiwa umesimama. Ninaupenda mradi huu, na ningefurahi watoto wasikie habari zake kutoka kwa watu wanaoufanya.

Siku ya pili iwe ya msitu wenyewe, ambao una zaidi ya kilomita za mraba 400 na ndio mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Hapa wasiokuwa na gari wana bahati wasiyoijua, kwa kuwa lango la Gede liko kando ya barabara kuu na matatu ya kwenda Kilifi itawashusha mlangoni. Fikeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mchukue mwongozaji, kwanza kwa sababu mna ndovu humo, na pili kwa sababu bila jicho lake hamtamwona sengi mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye makazi yake makuu duniani ni msitu huu. Siku hiyo mama apumzike ufuoni, msimlazimishe. Malipo ya hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori, hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si kwa fedha taslimu, basi fungueni akaunti mkiwa nyumbani na mbebe vitambulisho ili mtozwe kiwango cha raia. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020, kwa hiyo bebeni maji katika chupa za kudumu.

Siku ya tatu ni ya maji, nami sina budi kuwaambia ukweli kuhusu Agosti. Huo ni msimu wa kusi: upepo unavuma kutoka kusini, bahari ya nje inachafuka, na matumbawe ya hifadhi ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, hayaonekani kwa uwazi yanavyoonekana kaskazi inapotulia. Kama mmejiwekea tamaa ya kuona samaki wa rangi zote chini ya boti, msitumie fedha nyingi hapo. Nendeni Mida badala yake. Mkono huo wa bahari umekingwa na upepo, na maji yakijaa mnaweza kupanda mtumbwi katikati ya mikoko. Yakipwa, ndege wa pwani hujaa kwenye tope. Muulizeni mwenyeji wenu saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuondoka, kwa maana anayefika Mida bila kujua saa za maji anaweza kukuta tope mahali alipotarajia mtumbwi. Njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko hutikisika chini ya miguu na haimfai mama. Upande wa Dabaso kuna njia iliyo imara zaidi, inayofikia mahali wanakijiji wanapouza kaa na samaki, na mlo wa mchana wa siku hiyo ungekuwa pale.

Malindi inafikika kutoka Watamu kwa matatu moja, na ndani ya mji tuktuk inatosha kwa kila kitu. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498, ni matembezi mafupi juu ya mwamba. Makumbusho na mji wa kale vinakamilisha asubuhi. Watoto wakiuliza kwa nini maji ya Malindi yana rangi ya udongo ilhali ya Watamu ni ya buluu, wapelekeni kwa matatu ya Mambrui wauone mto Sabaki kutoka darajani: huo ndio unaoshusha udongo mwekundu kutoka bara hadi baharini.

Kuhusu Marafa, mahali wenyeji wanapoita Nyari, ninakubaliana na mumeo bila kusita. Ni mabonde ya udongo uliomomonyoka, yenye rangi nyeupe, nyekundu na ya machungwa, na rangi hizo huwaka jua linapokaribia kutua. Matatu za Marafa zipo, ila ni chache, na inayowapeleka haiwahakikishii ya kuwarudisha saa za magharibi. Mkienda nazo mtaliona bonde saa sita mchana, jua likiwa utosini na rangi zimefifia, kisha mkae na wasiwasi wa kurudi. Kodini teksi yenye dereva kutoka Malindi kwa alasiri hiyo moja. Mtakuwa mmelipia gari kwa saa chache ambazo lina faida badala ya kulilipia wiki nzima, na mama atafika hadi ukingoni pa bonde, ambapo anaweza kuketi atazame wakati nyinyi mnateremka na mwongozaji.

Sasa Lamu. Kwa kweli huko ndiko gari la kukodi lisikokuwa na maana yoyote, kwa sababu barabara inaishia Mokowe, na kuanzia hapo ni boti. Gari lingelala bandarini mkilipia. Lakini kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Garsen na delta ya mto Tana, kisha Witu. Mandhari ni ya aina yake, mbuga za maji na ng'ombe, ila ni saa nyingi za kuketi. Barabara hiyo pia imewahi kushambuliwa, likiwemo basi la abiria Januari 2020 sehemu za Nyongoro, na ndiyo maana kuna vizuizi vya polisi ambapo kila mtu mzima huonyesha kitambulisho. Mabasi hupita humo kila siku na watu wa Lamu huyategemea, nami mwenyewe husafiri nayo, lakini sipendi familia iingie njia hiyo ikiwa na haraka. Ndani ya wiki moja, Lamu ingewala siku mbili za barabarani na kuwaachia usiku miwili wa kukaa, na gati la Mokowe lina ngazi na boti inayoyumba, ambavyo kwa mtu mwenye magoti mabaya vinahitaji utulivu na mkono wa kumshika.

Ifanyeni Lamu safari ya Desemba, msimu wa kaskazi, kwa usiku usiopungua minne. Kateni tiketi za basi la asubuhi siku mbili kabla, mchague viti vya mbele mbali na gurudumu la nyuma, na mvunje safari kwa kulala Malindi ikiwa mama ataona uchovu. Katika hali hiyo mwambieni karani siku ile ile ya kukata tiketi kwamba mtapandia Malindi, kwa sababu mabasi yanayotoka Mombasa hufika hapo yakiwa yamejaa. Mkifika Lamu, kabla hata ya kufungua mizigo, mmoja wenu apite ofisi ya basi mjini akate tiketi za kurudi na aulize saa ya boti ya alfajiri ya kwenda Mokowe.